Faili moja, kamati nzima: jinsi ya kuifunga na kuisaini kwa GPG bila kugawana paswedi

Karibu kila kikundi nilichofanya nacho kazi mambo huanza hivi hivi, kuna faili nyeti kidogo, tuseme mahesabu au orodha ya wanachama na namba zao, mtu anaizipu anaiwekea paswedi, afu paswedi yenyewe anaitupa kwenye grupu lile lile alikotuma faili. Hapo umefunga mlango ukaacha ufunguo unaning'inia kwenye kitasa. Na hata kama paswedi mmepeana kwa simu bado kuna shida mbili zimebaki: mtu akitoka kwenye kikundi anatoka nayo kichwani, na faili ikija imebadilishwa namba mbili tatu hamna namna ya kujua nani kaigusa maana wote mna paswedi ile ile.

Kwa hiyo leo tunafanya kitu kingine. Kila mtu anakuwa na funguo zake mwenyewe, faili inafungwa ili wanakamati tu waifungue, na inabeba saini ya aliyeituma. Tutatumia GnuPG, programu ya kufunga na kusaini faili ambayo watu wengi wanaiita GPG. Ni ya bure, toleo la 1.0 lilitoka 1999, na inafuata mfumo uliotokana na PGP, programu ya kufunga ujumbe ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991, yaani sio kitu cha jana. Nakwambia mapema kabisa, komandi zenyewe ni nyepesi, utazimaliza kwa nusu saa. Kazi iko kwenye kujua ufunguo huu kweli ni wa nani, na hapo ndo watu wengi wanaruka.

Kwanza elewa hivi vitu viwili

Kila mtu ana ufunguo wa wazi na ufunguo wa siri. Wa wazi unaugawa kwa yeyote, hata adui, hauna madhara. Wa siri haubanduki kwenye mashine yako. Mtu akitaka kukufungia faili anatumia ufunguo wako wa wazi, na ukishafungwa huo mzigo ni ufunguo wako wa siri tu unaoufungua. Kwenye saini inageuka, unasaini kwa ufunguo wako wa siri, na wenzako wanahakiki kwa ule wa wazi.

Sasa watu huuliza, tukiwa sita si faili itafungwa mara sita na kuwa kubwa mara sita? Hapana. GPG inatengeneza ufunguo wa muda, inafunga faili mara moja tu kwa huo, halafu huo ufunguo wa muda (ambao ni kidogo sana) ndo unafungwa mara sita, nakala moja kwa kila mtu. Kwa hiyo faili ya mega 50 inabaki karibu mega 50 tu mkiwa wawili au mkiwa thelathini.

Na kitu kingine ambacho watu wanachanganya sana: faili kufungwa sio ushahidi wa ilikotoka. Si tumesema ufunguo wako wa wazi anao kila mtu? Basi kila mtu anaweza kukufungia faili akajidai ni mhazini. Ndo maana kwenye kikundi kufunga bila kusaini mi nahesabu ni kazi nusu.

Kuinstoo

Linux mara nyingi ipo tayari. Kwenye Windows daunlodi Gpg4win, inakuja na Kleopatra ambayo ni dirisha la kubofya bofya. Kwenye Mac kuna GPG Suite, au kama unatumia Homebrew andika brew install gnupg. Daunlodi kutoka kwenye tovuti zao wenyewe, sio kwenye zile tovuti za kukusanya programu. Ukimaliza fungua terminali (lile dirisha la kuandika komandi) ujaribu:

gpg --version

Ikikupa namba ya 2 na kitu, twende. Mi naandika komandi kwa sababu zinafanana kwenye mashine zote, ila wa Kleopatra msiondoke, hatua ni zile zile na nitawagusia njiani.

Tengeneza funguo zako

Kila mwanakamati anafanya hii kwenye kompyuta yake mwenyewe. Narudia, yake mwenyewe. Nimeshaona kijana wa kompyuta anawatengenezea watu wote funguo kwenye laptopu yake afu anawagawia kwa flashi, sasa hapo siri ya nani imebaki? Yeye ndo ana funguo za kamati nzima.

gpg --quick-generate-key "Katibu <katibu@example.org>" default default 2y

Weka jina lako na imeili yako. Hayo maneno default ni kuiambia ichague aina ya ufunguo inayoona inafaa, iachie tu, usijifanye mjuaji wa kuchagua biti. Ile 2y ni miaka miwili, baada ya hapo ufunguo unaisha muda, na usiogope maana unaongezwa. Itakuuliza paswedi ya kulinda ufunguo wa siri, weka ndefu, maneno matano sita yasiyohusiana, na usiisahau kwa sababu hakuna kitufe cha kuirudisha.

Ikimaliza inakutengenezea pia cheti cha kubatilisha, kipo kwenye folda inaitwa openpgp-revocs.d ndani ya folda ya gnupg. Hicho ndo cha kutangaza kwamba ufunguo huu umekufa, laptopu ikiibiwa mfano. Kikopi kwenye flashi uweke mahali salama nje ya kompyuta. Na bakapu ya ufunguo wenyewe wa siri:

gpg --armor --output siri-yangu.asc --export-secret-keys katibu@example.org

Faili hiyo iende kwenye flashi kisha ifutwe kwenye mashine, na isipite kwenye imeili wala grupu hata kwa dakika moja.

Kugawana funguo za wazi

gpg --armor --output katibu.asc --export katibu@example.org

Hiyo katibu.asc ndo ya kutuma kwa wenzako, kwa imeili, kwa grupu, popote. Kabla ya kubofya tuma ifungue kwa notipadi uangalie mstari wa kwanza. Ukisema BEGIN PGP PUBLIC KEY BLOCK tuma kwa amani. Ukiona PRIVATE simama hapo hapo, umeshika faili ya siri. Sekunde tano tu, ila zitakuokoa.

Wewe nawe utapokea za wenzako. Usiziingize kwanza, zichungulie:

gpg --show-keys mhazini.asc

Utaona jina, imeili, tarehe ya kuisha, na mstari mrefu wa herufi na tarakimu 40. Hiyo ndo fingaprinti, yaani alama ya kidole ya ufunguo huo, na hapa nataka tukae kidogo.

Hapa ndo kwenye kazi

Jina na imeili kwenye ufunguo mtu anaandika anachotaka. Mimi naweza dakika hii kutengeneza ufunguo wenye jina la mhazini wenu na imeili yake, GPG haitaniuliza kitambulisho. Nikaupenyeza kwenye grupu lenu nikasema "jamani ufunguo wangu mpya huu", mkaufungia mahesabu, basi mimi ndo nitakayesoma. Kitu pekee ambacho siwezi kuigiza ni fingaprinti.

Kwa hiyo mpigie simu. Sauti yake unaijua. Mwambie afungue kompyuta yake aandike:

gpg --fingerprint mhazini@example.org

Yeye anasoma, wewe unafuatisha kwenye skrini yako, kikundi cha herufi nne nne mpaka mwisho. Asome kutoka kwenye kompyuta yake, sio kutoka kwenye ujumbe uliomtumia wewe, maana hapo atakuwa anakusomea cha kwako. Na msome zote 40, sio nane za mwisho kama watu walivyokuwa wanafanya zamani: mwaka 2014 watafiti walitengeneza maelfu ya funguo bandia ambazo nane za mwisho zinafanana kabisa na za funguo halisi za watu, na ilichukua sekunde chache kwa kila ufunguo. Mkikutana kwenye kikao ni rahisi zaidi, kila mtu anakuja na yake imechapwa kwenye kikaratasi, mnamaliza wote kwa mkupuo.

Zikifanana ingiza, kisha uupige muhuri wako wa ndani:

gpg --import mhazini.asc
gpg --quick-lsign-key FINGAPRINTI_YA_MHAZINI

Hiyo lsign inasema "mimi nimehakiki huu ni wake", na inabaki kwenye mashine yako tu, haitangazwi kokote. Usipofanya hivi kila ukifunga faili GPG itakuambia haina uhakika kama ufunguo ni wa huyo mtu na kukuuliza kama utautumia hivyo hivyo, na mtu akishazoea kujibu y kila mara siku ya ufunguo wa bandia naye atajibu y. Kwenye Kleopatra kazi hii wanaiita Certify.

Tengeneza kikundi

Unaweza kuandika -r (ya kutaja mpokeaji) mara sita kila ukifunga faili lakini siku moja utamsahau mtu. Bora uandike orodha mara moja. Fungua faili ya gpg.conf (iko kwenye ~/.gnupg, kwenye Windows ni folda ya gnupg ndani ya %APPDATA%, kama haipo itengeneze) uandike:

# mhazini
group kamati = FINGAPRINTI_YA_MHAZINI
# mwenyekiti
group kamati = FINGAPRINTI_YA_MWENYEKITI
# mimi katibu
group kamati = FINGAPRINTI_YANGU

Mistari yenye jina moja la kikundi GPG inaiunganisha yenyewe, ndo maana mi naweka mtu mmoja mstari mmoja, siku akitoka nafuta mstari wake sihangaiki. Fingaprinti ziandike bila nafasi katikati. Ile --fingerprint inazionyesha zimeachana nne nne, ukipesti hivyo kila kipande GPG inakiona kama mtu tofauti na itaanza kulalamika haiwajui. Tumia gpg --list-keys, hiyo inazionyesha zimeshikana. Na maelezo ya alama ya reli (#) yakae kwenye mstari wake, sio mwishoni mwa mstari wa group.

Umeona nimejiweka na mimi? Ni makusudi. Kuna mara nilifunga ripoti kwa ajili ya watu wanne, nikahakikisha wanne wote wapo, nikatuma, nikafuta ile ya wazi kwa bidii zote za mtu anayejali usalama, keshoyake nataka kurekebisha aya moja naambiwa sina ufunguo wa kuifungua. Faili niliyoiandika mwenyewe! Ikabidi nimwombe mmoja wao anifungie anirudishie, na alicheka wiki nzima. Wa Kleopatra, kile kiboksi cha Encrypt for me kiacheni na tiki. Matoleo yake ya sasa nayo yana sehemu ya kutengeneza kikundi.

Funga na usaini kwa mkupuo mmoja

gpg --sign --encrypt --recipient kamati --output mahesabu.ods.gpg mahesabu.ods

Inakuuliza paswedi yako (kwa sababu ya saini), basi, umemaliza. Ukichoka kuandika marefu ni gpg -se -r kamati mahesabu.ods. Kama ni folda nzima izipu kwanza iwe faili moja. Na kwenye Windows zoea kutumia --output badala ya ile alama ya > maana PowerShell ya zamani inavuruga faili inapopitia hapo, utatuma takataka na hakuna atakayeweza kuifungua.

Kabla ya kutuma mi huwa nahesabu watu:

gpg --list-packets mahesabu.ods.gpg

Kila mstari unaoanza na :pubkey enc packet ni mpokeaji mmoja. Tuko sita, naona mitano, basi kuna mtu nimemsahau. Namba ya keyid (namba fupi ya kuutambulisha ufunguo) utakayoiona hapo ni ya ufunguo mdogo wa kufungia, ambao GPG iliutengeneza pamoja na ule mkuu wa kusaini, sio ya ule mkuu, kwa hiyo usishtuke ikiwa haifanani na mwisho wa fingaprinti.

Hapo hapo utagundua kitu, yaani yeyote atakayeidaka hiyo faili njiani anaweza naye kuona hizo keyid, hajui ndani kuna nini ila anajua imefungwa kwa ajili ya akina nani. Kama hata orodha ya watu ni siri ongeza --throw-keyids kwenye komandi. Ubaya wake ni kwamba upande wa wapokeaji GPG inabidi ijaribu kila ufunguo wa siri walio nao. Na jina la faili nalo liangalie, umefunga vizuri kabisa afu faili inaitwa malipo-ya-mpelelezi.ods.gpg, sasa umeficha nini.

Upande wa kupokea

gpg --output mahesabu.ods --decrypt mahesabu.ods.gpg

Faili itafunguka, lakini usikimbilie kuisoma, soma kwanza alichoandika GPG. Unatafuta mstari wa Good signature from, jina la mtu uliyemtegemea, na pembeni [full], maana yake ni ule ufunguo uliouhakiki mwenyewe. Ikiwa ni Good signature ila pembeni kuna [unknown] pamoja na onyo, saini ni sahihi kihesabu ila wewe hujahakiki ufunguo ni wa nani, kwa hiyo rudi kwenye simu. Ikisema BAD signature faili imeguswa au imeharibika, usiitumie. Ikisema No public key huna ufunguo wa aliyesaini.

Ya mwisho ndo hatari kuliko zote kwa sababu haina kelele: haisemi chochote kuhusu saini. Faili ambayo haikusainiwa kabisa inafunguka kimya kimya, hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu, na mtu ambaye kazoea tu kuona imefunguka anaendelea na maisha. Kwenye kikundi wekeni sheria moja, faili isiyo na saini inarudishwa kwa aliyetuma.

Na ukifungua usifungulie kwenye folda inayojipakia yenyewe kwenye wingu, maana hapo nakala ya wazi imeshapanda kwenye seva ya mtu kabla hata hujaisoma.

Ujanja mmoja wa kuujua kuhusu saini

Tuseme katibu kasaini na kumfungia mhazini peke yake faili inayosema "lipa ile hela". Mhazini anaifungua, ndani kuna ujumbe na saini ya katibu. Kwa programu ya kuchezea kidogo anaweza kuitoa hiyo saini na ujumbe wake kama vilivyo akavifungia mwenyekiti, na mwenyekiti ataona Good signature ya katibu akidhani katibu kamwandikia yeye. Saini inasema nani kaandika, haisemi kamwandikia nani. Dawa yake ni ya kizamani kama barua: ndani ya faili, juu kabisa, andika tarehe, kwa nani, na inahusu nini. Hapo ikizungushwa kwingine inajisema yenyewe.

Saini bila kufunga

Kuna nyaraka sio siri, mfano kanuni za kikundi, mnachotaka ni watu wajue hii ndo yenyewe. Hapo saini inakaa kwenye faili yake pembeni na PDF inabaki inasomeka na kila mtu:

gpg --armor --output kanuni.pdf.katibu.asc --detach-sign kanuni.pdf
gpg --verify kanuni.pdf.katibu.asc kanuni.pdf

Ya kwanza ya kusaini, ya pili ya kuhakiki. Nimeweka neno katibu kwenye jina kwa sababu mwenyekiti na mhazini nao watasaini PDF hiyo hiyo, kila mmoja na faili yake, mwisho mnakuwa na PDF moja na saini tatu. Ila akitokea mtu akaifungua PDF akaisevu upya, hata kama hajabadilisha neno, saini zote tatu zinakataa.

Mtu akiingia, mtu akitoka

Akiingia mpya, hakiki ufunguo wake, mwongeze kwenye orodha, na kila mwanakamati afanye hivyo kwenye gpg.conf yake maana hiyo orodha haijisambazi. Faili za zamani hataweza kuzifungua mpaka mmoja wenu azifungue na kuzifunga upya, na jueni zikifungwa upya na kusainiwa upya saini inakuwa ya huyo aliyefunga, kwa hiyo kama saini ya mwanzo ina umuhimu tunzeni na faili ya mwanzo.

Akitoka, futeni mstari wake, faili zote za kuanzia hapo hatazifungua. Zile alizokuwa nazo anazo, hakuna teknolojia ya kumsahaulisha, na kama ndani kulikuwa na paswedi za akaunti za kikundi badilisheni paswedi zenyewe siku hiyo hiyo.

Funguo zikiisha muda

Siku moja utafunga faili utaambiwa Unusable public key na GPG inagoma kabisa, haifungi hata kwa wale watano waliobaki wazima. Mara nyingi ni mmoja wenu muda wa ufunguo wake umepita. Bora kuongeza kabla haujaisha, wekeni ukumbusho kwenye kalenda mwezi mmoja kabla, na mwenye ufunguo anaandika komandi mbili, ya kwanza kwa ufunguo mkuu na ya pili kwa ule mdogo wa kufungia:

gpg --quick-set-expire FINGAPRINTI_YANGU 2y
gpg --quick-set-expire FINGAPRINTI_YANGU 2y '*'

Watu wanafanya ya kwanza wanasahau ya pili, afu wanashangaa mbona bado unagoma. Baada ya hapo toa tena ufunguo wa wazi kwa --export, watumie wenzako, nao wauingize kwa --import juu ya ule wa zamani. Fingaprinti inabaki ile ile kwa hiyo hakuna haja ya kupigiana simu upya, ila mtu akikutumia "ufunguo wangu ule ule nimeongeza muda tu" na fingaprinti imebadilika, usiuingize mpaka umempigia.